Mvinyo Usio na Mwenyeji

Hapa Ibanda, mahali ambapo mto Mubuku huteremka kutoka katika mabonde ya Rwenzori, na wageni waendao kuipanda milima hiyo hukutana na wapagazi wao pale Nyakalengija, kuna kibanda cha mpira ambacho kuta zake ni mabati, mabenchi yake ni mbao za mkaratusi zisizopigwa randa, na dishi lake limefungwa kwa waya juu ya nguzo. Na kila Jumamosi jioni, kahawa ikiisha kuanuliwa na mbuzi wakiisha kufungwa, watu wa rika zote huteremka kutoka vilimani, wakalipa kiingilio mlangoni, wakakaa bega kwa bega kutazama vijana wa London wakipambana na vijana wa Manchester. Nami ni mmoja wao. Napenda mpira, na timu yangu ikifungwa chakula cha usiku hunipita kooni kwa taabu. Kwa hiyo haya nitakayoyasema juu ya ushabiki nayasema nikiwa ndani ya nyumba, wala si kama mpita njia achunguliaye dirishani.

Jumamosi moja, wakati wa mapumziko, kijana aliyekaa mbele yangu, ambaye kazi yake ni kubeba mizigo ya wapanda mlima na tamaa yake ni kupata siku moja kazi ya kuhudumia meza katika hoteli za Kasese, alitoa simu yake akafungua video ya zamani ya Mmarekani mmoja aliyekaa nyuma ya meza yenye chupa za mvinyo. Mmarekani yule alizungusha glasi, akaingiza pua ndani yake, akavuta pumzi kama mtu anusaye udi, akaonja, akasukutua, kisha akainama akatema vyote katika ndoo yenye nembo ya timu. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake kando yetu, ambaye Kiswahili chake alikipata zamani katika machimbo ya shaba ya Kilembe, alishtuka.

"Mbona anatema, mjukuu wangu? Ameonja sumu?"

"Hapana, mzee. Ndiyo kazi yake. Anaonja apate kuwaambia watu upi ni mzuri."

"Na hao anaowaambia, nao hutema?"

"Hao hunywa, mzee."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sijapata kuona mwenyeji atemaye kile anachomkaribishia mgeni."

Filimbi ikalia, kipindi cha pili kikaanza, na watu wote wakageuza nyuso zao kwenye picha. Lakini neno la mzee lilinikaa moyoni, na kwa siku nyingi nilipokuwa nikienda Bwera na kurudi kwa shughuli zangu nilikuwa nikiligeuza kama mtu ageuzaye hindi juu ya makaa. Niliona kwamba ndani yake mna swali ambalo dini zetu na hekima ya watu wa kale zimelishughulikia kwa muda mrefu: mtu ammiminiaye mwenzake kileo, ana dhamana gani juu yake?

Haki kwanza itendeke kwa Mmarekani mwenyewe. Jina lake ni Gary Vaynerchuk; alizaliwa mwaka 1975 katika mji wa Babruysk, uliokuwa wakati huo ndani ya dola ya Kisovieti, akapelekwa Marekani angali mtoto mdogo, na akakulia katika biashara ya baba yake, duka la vileo katika mji wa Springfield, jimbo la New Jersey. Mwezi wa Februari mwaka 2006, wakati kuweka video katika mtandao kulikuwa bado jambo geni, alianza kurekodi mbele ya kamera kipindi alichokiita Wine Library TV, akaonja mvinyo na kuusema kwa lugha ya watu wa kawaida, na kufikia mwaka 2011 alikuwa amekwisha kutoa vipindi elfu moja. Kabla yake, elimu ya mvinyo aghalabu ilikuwa mali ya mabwana waliovaa tai na kusema maneno ambayo mtu wa kawaida hakuyafahamu. Yeye alisema kwa sauti ya shabiki aliye kwenye jukwaa la uwanja, hakuficha mapenzi yake kwa timu ya New York Jets, akaiweka nembo ya timu hiyo juu ya ndoo yake ya kutemea, na akawaambia watazamaji wake wauamini ulimi wao wenyewe kuliko sifa za wakubwa. Hilo ni jambo jema, maana elimu yoyote inayofungiwa ndani ya kiburi hugeuka kuwa dhuluma kwa wale walio nje ya mlango.

Wala kutema kwake hakukuwa hila. Yeyote aliyeifanya kazi ya kuonja anajua kwamba mtu akimeza glasi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, hukumu yake juu ya ile ya nne haina thamani tena. Ndoo ile ilikuwa ndiyo kiasi chake. Ndani yake alikuwa akitunza akili yake mbele ya watu wote, kipindi baada ya kipindi, kwa miaka mitano. Msiba ni kwamba katika yote aliyoyaonyesha, jezi na kelele na furaha na rangi ya mvinyo katika glasi, ndoo ndiyo ambayo watazamaji hawakuichukua. Na wengi waliomfuata katika mtandao, ambao leo vipande vyao vifupi hupita katika simu za vijana wetu, wamebakiza kelele wakaiondoa ndoo.

Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi juu ya habari hii kwa mtu atakayeisikiliza. Pombe na tembo ni maneno ya nyumbani, na vinywaji hivyo navyo ni vya nyumbani. Lakini mvinyo ni neno lililotujia na Wareno, na divai ni neno lililotoka kwa Wafaransa, hata leo wengi wakisikia mvinyo hufikiri chupa ya dukani, na wakisikia divai hufikiri kikombe cha altareni. Kwa hiyo kinywaji hiki katika Kiswahili kimekuwa mgeni tangu siku ya kwanza, na mgeni huhitaji mtu wa kumpokea na kumwonyesha desturi za nyumba. Waarabu nao walitupa neno khamri, na katika shina lile lile wakatupa hamira, ambayo mama zetu huitia katika unga wa maandazi bila kufikiri kwamba maneno hayo mawili ni ndugu. Maana ya shina hilo ni kufunika, kama ushungi ufunikavyo kichwa, na imepokewa kutoka kwa Khalifa Umar kwamba khamri ni kila kinachoifunika akili. Mtu ambaye akili yake imefunikwa anahitaji kando yake mtu ambaye akili yake ingali wazi.

Babu zetu wa nchi hii ya migomba waliyafahamu hayo bila kuyasoma kitabuni. Angalia jinsi tonto inavyofanywa. Ndizi huivishwa siku kadhaa shimoni chini ya majani, zikamenywa, zikatiwa katika hori la mti lililochongwa kama mtumbwi, kisha hukanyagwa kwa miguu au kukandwa kwa mikono pamoja na nyasi kavu mpaka maji yake yatoke. Maji hayo yakachujwa, yakachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, yakalala usiku mmoja au miwili. Hakuna anayeweza kuifanya kazi hiyo kwa siri. Harufu yake hutangulia kijijini, na kila mtu hujua imeandaliwa nyumba gani na kwa sababu gani, ikiwa ni mahari au mazishi, au shukrani kwa majirani waliosaidia kulima.

Na ikiisha kuwa tayari, mwenyeji huchota kibuyu cha kwanza akanywa yeye mwenyewe mbele ya wageni, ili wajue kwamba hawakuitwa kwenye sumu. Niliyaona hayo nikiwa mtoto niliyetumwa kushika vibuyu, na niliona pia jambo ambalo sikulifahamu wakati ule: mwenyeji, baada ya kibuyu kile cha kwanza, alikunywa kidogo sana. Alikuwa akihesabu. Alijua ni nani ameletewa mara ya tatu, ni nani ana ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani aliyekaa mkabala naye, ni nani nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Na jua likianza kuzama alisema maneno ya kufunga, akawapa watoto mienge wawasindikize wale ambao miguu yao haikuaminika. Sitaki kuipamba zamani ile kupita kadiri, maana ilikuwa na walevi wake na wake zao waliolia. Lakini mlevi wa wakati ule alikuwa na mtu ambaye mke wake angeweza kwenda asubuhi kumdai jawabu, na mtu huyo alikuwa mwenyeji.

Kwa watu wa Efeso na Korintho na Roma mtume Paulo aliandika juu ya mambo hayo hayo, lakini mimi hupenda kuanza na arusi ya Kana ya Galilaya, ambayo habari yake imo katika sura ya pili ya Injili ya Yohana. Watu wengi hukumbuka mitungi sita ya mawe na maji yaliyogeuka divai, wakamsahau mkuu wa meza, mtu aliyewekwa kuonja kabla ya wageni na kusimamia utaratibu wa karamu. Yeye alipoonja hakukaa kimya. Alimwita bwana arusi akasema naye habari za divai ile, kwa kuwa katika karamu ile kila kilichomiminwa kilikuwa na mtu wa kuulizwa. Na nabii Habakuki, karne nyingi kabla, alitoa ole yake kwa yule ampaye jirani yake kileo ili amlevye na kuutazama uchi wake. Lawama ile iko juu ya mikono iliyoshika chupa, kabla ya kinywa kilichopokea.

Qur'ani nayo ililiendea jambo hili kwa hatua, kama mwalimu mwenye subira. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, watu waliambiwa kwamba katika khamri na kamari mna madhara makubwa na mna manufaa, na madhara yake yanayashinda manufaa. Katika Suratun Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala nao wamelewa. Hatimaye katika Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, ikaja amri ya kuyaepuka yote mawili, pamoja na sababu yake, kwamba shetani hutaka kwayo kutia uadui na chuki baina ya watu na kuwazuia wasimkumbuke Mungu na wasisali. Mtu aliyekaa katika kibanda cha mpira Jumamosi jioni, akaona chupa mkono wa kuume na karatasi ya kamari mkono wa kushoto, na rafiki wawili wa tangu utotoni wakitukanana kwa ajili ya timu ambayo hawataiona kwa macho yao maisha yao yote, hahitaji mufasiri wa kumweleza aya hizo. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, laana ya khamri imegawanywa kwa watu kumi, wala si kwa mnywaji peke yake: yumo aliyeikamua na aliyekamuliwa, aliyeibeba na aliyebebewa, aliyeiuza, aliyeinunua na aliyekula thamani yake, na yumo aliyeimimina. Sheria hiyo inafahamu yakini kwamba glasi haifiki mdomoni bila mikono mingi, na kila mkono una hesabu yake.

Wala haya hayakuwa mawazo ya watu wa Kitabu tu. Aflatuni, mwanafalsafa wa Athene, katika kitabu chake cha uzeeni kiitwacho Sheria, ambacho Al-Farabi alikifanyia muhtasari kwa Kiarabu, aliuliza kama karamu za mvinyo zina faida yoyote katika malezi ya watu, na jawabu lake ni kwamba zaweza kuwa na faida, kwa sharti moja zito: kwamba karamu iwe na kiongozi, na kiongozi huyo awe mwenye busara na asiwe amelewa, kama jahazi linavyohitaji nahodha asiyepatwa na kichefuchefu. Karamu isiyo na mtu kama huyo, kwa maoni yake, haiwezi kusifiwa wala kulaumiwa kama karamu, maana haijawa karamu bado.

Basi mzee wa Kilembe, ambaye hakumsoma Aflatuni, alikuwa amefika mahali pale pale kwa njia fupi zaidi. Kile alichokikosa katika simu ile ni mwenyeji.

Huenda msomaji akasema kwamba ushabiki wa mpira una hatari zake hata pasipo tone la mvinyo, na mimi nakubali. Katika mji wa Konstantinopoli, mwaka 532, mashabiki wa mbio za magari ya farasi, waliogawanyika katika rangi ya buluu na rangi ya kijani, waliwasha fitina ambayo iliunguza sehemu kubwa ya mji, na mwanahistoria Procopius aliandika kwamba watu waliouawa walipata elfu thelathini. Na hapa kwetu Uganda, mwezi wa Januari mwaka 2023, polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki wa Arsenal waliokuwa wakipita barabarani kushangilia ushindi juu ya Manchester United, kwa hoja kwamba hawakuomba ruhusa ya kuandamana. Vijana wale walikuwa wamelewa furaha tu. Ushabiki wenyewe huifunika akili. Humchukua mtu mpole, mwalimu au muuza nyanya, ukampa kwa dakika tisini moyo wa askari aliyezingirwa. Mtu ambaye akili yake imekwisha kufunikwa kwa kitambaa kimoja, ukimwongezea cha pili, umemtia gizani.

Waingereza, ambao mpira huu ni wao, walilijua hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 29 Mei 1985, katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, watu thelathini na tisa walikufa ukuta ulipoanguka katika msukumano wa mashabiki. Na katika mwaka ule ule bunge la Uingereza lilipitisha sheria juu ya vileo katika michezo, ambayo hata leo inamzuia shabiki wa mpira asinywe kileo mahali anapoweza kuuona uwanja wakati mechi ikichezwa. Fikiri basi jambo hili, ndugu msomaji. Mtu aliyekaa katika uwanja wa Emirates, aliyelipa fedha nyingi kwa kiti chake, hawezi kuinua glasi huku akiutazama mchezo. Lakini kijana wa Ibanda, autazamaye mchezo ule ule, dakika ile ile, kutoka chini ya Rwenzori, ameshika chupa, na kando yake mtoto wa miaka minane ameketi juu ya paja la kaka yake. Picha ilivuka bahari, sheria ikabaki bandarini. Walioturushia mchezo walituletea pia matangazo yake, hata jezi za Liverpool zilizobeba jina la bia ya Carlsberg kifuani tangu mwaka 1992 hadi 2010 zikashuka katika marobota ya mitumba na kuvishwa watoto wetu. Ila hawakutuletea ile hadhari ambayo wao wenyewe waliinunua kwa roho za watu.

Yako pia mambo mema ambayo viwanja vya mbali vimetufundisha, na si haki kuyanyamazia. Mwezi wa Mei mwaka 2012, Yaya Touré wa Manchester City, baada ya kuifunga Newcastle mabao mawili, alipewa mbele ya kamera chupa ya shampeni kama mchezaji bora wa mechi. Akaikataa kwa upole, akasema kwamba yeye ni Mwislamu hanywi, akamwachia mwenzake. Baadaye Ligi Kuu ya Uingereza ikaacha desturi ya kutoa shampeni, ikaweka kikombe kidogo mahali pake. Na mwezi wa Januari mwaka 2022, timu ya kriketi ya Australia ilipokuwa jukwaani ikishangilia ushindi wake juu ya Uingereza, nahodha Pat Cummins alimwona mwenzake Usman Khawaja, ambaye naye ni Mwislamu, amejitenga kando ili asirushiwe shampeni; akawaamuru wenzake waziweke chini chupa zao, akamwita Khawaja arudi asimame katikati yao. Cummins hakuwa Mwislamu, wala hakuombwa na mtu. Alikuwa nahodha, na alihesabu watu wake kama mwenyeji ahesabuvyo wageni, akaona mmoja hayupo. Hiyo ndiyo tafsiri bora niijuayo ya neno la Paulo kwa Warumi, kwamba ni vizuri kuacha divai ikiwa divai hiyo inamkwaza ndugu yako.

Wako watakaonijibu kwamba mtu mzima ni huru, na kwamba mvinyo ni riziki ya watu. Wakulima wa zabibu wa Dodoma, ambao ardhi yao yenye ukame huwapa mavuno mawili kwa mwaka, wana haki ya kuuza jasho lao, na akina mama wa Uganda wanaotengeneza mvinyo wa mananasi na wa ndizi wanasomesha watoto kwa fedha hizo. Kwa nini wasiitumie video kuwafikia mashabiki, ambao ndio kaumu kubwa kuliko zote katika zama zetu? Sina neno baya kwa wakulima hao. Mimi ni Mkristo, nami hupokea kikombe kanisani. Siwezi kusema kwamba tunda la mzabibu ni najisi, ingawa jirani zangu Waislamu na Waadventista hawalionji kabisa, na kwa kujizuia kwao nawaheshimu sana. Lakini uhuru wa mnywaji haufuti dhamana ya mmiminaji, kama vile uhuru wa msafiri haumwondolei dereva wajibu wa kuwa na breki.

Na ushahidi wa jambo hilo tunao karibu. Tanzania ilipiga marufuku viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali, kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Pombe iliyokuwamo katika kiroba haikuwa kali kuliko ile ya chupa. Ubaya wake ulikuwa katika udogo wake, maana iliingia mfukoni, ikanunuliwa kwa fedha za daftari, ikanywewa nyuma ya darasa au juu ya pikipiki bila mtu mzima kuona. Kiroba kilimwondoa mwenyeji, na serikali mbili zikalazimika kusimama mahali pake. Leo video ya kileo nayo imo mfukoni. Humfikia kijana akiwa peke yake kitandani, humwonyesha watu waliovaa jezi ya timu yake wakishangilia kwa glasi, humfundisha kwamba furaha ya bao haijatimia mpaka kitu kimezwe. Na usiku akianguka mtaroni kati ya kibanda na nyumba yake, aliyemkaribisha yuko mbali wala hajui kwamba ameanguka. Hana mwenge, hana mtoto wa kumtuma. Hajui hata kama mgeni wake ana miaka thelathini au kumi na mitatu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii, nayo naitoa kwa unyenyekevu lakini bila kusitasita. Mvinyo unaweza kukaa penye furaha ya watu, kwa wale ambao dini yao inawaruhusu, ikiwa tu yupo mwenyeji: mtu anayeonekana, anayehesabu, asiyelewa, anayemjua asiyekunywa na kumwekea chai au maji ya matunda kwa heshima ile ile, na anayeweza kuulizwa kesho yake asubuhi. Mahali ambapo mtu huyo hayupo, kumimina ni kumtupa mgeni. Wenye kukaribisha watu kwa video, ikiwa wanataka kuitwa wenyeji, basi na wairudishe ndoo mezani, waseme wazi ni nani hapaswi kunywa, waache kulifungamanisha bao na chupa, na waache kabisa kuyafanya mapenzi ya timu kuwa chambo. Wenye vibanda vya mpira wa Ibanda na Bwera na Kasese, ambao ndio wenyeji wetu wa kweli, wawatenge watoto na chupa, na wathubutu kumwambia mteja wao maneno ambayo baba zetu walithubutu kuyasema jua lilipozama: sasa inatosha, twendeni.

Nawe unayesoma, bila shaka una simu, na bila shaka Jumamosi hii timu yako inacheza. Kabla hujamtumia mwenzako video ya kumwalika anywe kwa ajili ya ushindi, jiulize kama uko tayari kumsindikiza usiku huo mpaka mlangoni kwake. Ukiwa tayari, mtumie, kisha uende ukakae naye. Usipokuwa tayari, tafadhali, usimmiminie.